Shimo Lisilonuka

Kwanza ilikohoa. Kikohozi kizito, cha kifuani, kama cha mtu aliyepaliwa. Kikafuata kingine kifupi, kisha mlio mwembamba wa chuma kinachosaga kitu kisichotaka kusagika, kisha kimya.

Ofisini aligeuka mtu mmoja tu. Mama Bosi, mwenye shamba, aliendelea kummiminia mgeni maziwa ya moto. Mgeni, mkaguzi aliyetumwa kuamua kama shamba linastahili cheti cha mazingira, aliendelea kuitazama ramani iliyobandikwa ukutani. Aliyegeuka ni kijana aliyeichora ramani ile. Shambani walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu tangu aajiriwe kila kitu kilikuwa na taratibu yake: taratibu ya kuosha matangi, ya kutunza dawa za kupe, hata ya kutupa glavu iliyotoboka. Yeye ndiye mtaalamu wa mazingira. Pampu iliyonyamaza ilikuwa ya shimo la samadi, na mwangalizi wa pampu hiyo, waliyemwita Fundi, alikuwa kaka yake, wa baba mmoja na mama mmoja.

"Samahani kidogo," alisema, akainuka.

"Kaa," Mama Bosi alisema bila kumtazama. "Mgeni ana swali."

Swali lilikuwa hili: ikitokea pampu imeziba, samadi inaelekea wapi? Mkaguzi alikuwa ameweka kidole kwenye mstari wa buluu, kijito kinachopita chini ya shamba na kwenda kunywewa na watu wa bondeni. Kijana akakaa. Akaeleza habari za ukuta wa kuzuia, akaeleza mtaro wa dharura, akaeleza vizuri kama alivyojizoeza mbele ya kioo. Masikio yake hayakuwepo pale. Yalikuwa nyuma ya banda, yakiisubiri pampu ikohoe tena.

Shamba lile lilikuwa la ng'ombe wa maziwa. Mavi na mkojo wao vilisukumwa kwa maji hadi kwenye shimo kubwa lililochimbwa nyuma ya banda, na pampu iliyokaa humo chini ikavuta ile samadi ya maji na kuirusha mashambani iwe mbolea. Miaka yote shimo lilikuwa wazi. Lilinuka mpaka majirani wakaenda kulalamika serikalini, na kiwanda kinachonunua maziwa kikasema leteni cheti, la sivyo maziwa yenu ogeni. Ndipo kijana akaletwa ajenge mfumo. Alilitembea shamba mpaka viatu vikaisha soli, akitafuta kila kinachoweza kuchafua hewa, maji au udongo, akikipa kila kimoja uzito wake. Harufu ilishika nafasi ya kwanza. Dawa yake ilikuwa kulifunika shimo kwa zege, kuacha mlango mmoja wenye mfuniko wa chuma, na kusimamisha mabomba marefu ya kutolea hewa, maana samadi iliyofungiwa huzaa hewa ya sumu.

Zege lilimwagwa. Mabomba hayakuja.

"Mabomba baadaye," Mama Bosi alikuwa amesema. "Mkaguzi anakuja kunusa, haji kutafuta mabomba."

"Mama, hewa ile inaua."

"Itamuua nani huko chini, panya? Andika kwamba ni marufuku kuingia. Kwani kazi yako si kuandika?"

Akaandika. Akachukua brashi, akapaka mwenyewe kwa rangi nyekundu juu ya zege: USIINGIE. Alipotaka kuwakusanya wafanyakazi awaeleze sababu, Mama Bosi alikataa. "Ukiwatia hofu sasa, wataanza kukohoa mbele ya mgeni." Hilo nalo akalimeza. Lilikuwa shamba lake la kwanza. Likipata cheti, mashamba mengine yangemwita. Lisipopata, angerudi kuuza vocha za simu kibandani kwa shangazi yake. Alijiambia kwamba mabomba yatakuja tu.

Wafanyakazi wao walicheka. "Funika kombe mwanaharamu apite," alisema mkamuaji mmoja mrefu, mwembamba, waliyemwita Kijiko, na zege likapata jina hapo hapo: Kombe.

Asubuhi ile ile, kabla mkaguzi hajafika, kaka mtu alikuwa ameegemea mlango wa banda anamcheka mdogo wake.

"Leo umefunga tai, dogo. Ng'ombe watakupigia saluti."

"Kaka, leo usiufungue ule mfuniko. Tafadhali."

"Niufungue nifuate nini? Shimo limetulia siku hizi kama bi harusi. Halinuki, halisemi."

"Si habari ya kunuka. Hewa ile ikizidi inaua pua kwanza. Unaacha kusikia harufu, unadhani imeisha, kumbe ndiyo imejaa."

"Pua yangu imesomea mavi tangu wewe unanyonya," kaka alisema, akaigonga pua yake kwa kidole. "Ilipata cheti kabla ya shamba."

Akacheka, na mdogo mtu akacheka naye, maana kaka yake alipocheka ilikuwa vigumu kubaki umenuna. Hapo ndipo neno lilipomalizikia.

Watu wa shimo walikuwa na kanuni yao, ya zamani kuliko taratibu yoyote. Kabla ya kushuka, unapiga magoti ukingoni, unanusa. Shimo likikuchoma pua, unasubiri. Likinyamaza, unashuka. Kanuni hiyo iliwalea miaka na miaka, shimo lilipokuwa wazi na upepo unapita juu yake mchana na usiku. Hakuna aliyewaambia kwamba chini ya zege kanuni ile ile imegeuka mtego.

Ukelele wa Kijiko ulifika ofisini mkaguzi akiwa bado ameweka kidole kwenye kijito.

"Fundi! Fundi! Jamani, Fundi haitiki!"

Kijana aliruka juu ya kiti. Alikimbia na tai yake begani, akapita kati ya ng'ombe waliokuwa wakicheua kana kwamba hakuna lililotokea, akatokea nyuma ya banda. Mfuniko wa chuma ulikuwa umesukumwa pembeni. Kijiko alikuwa amekwisha kuingiza mguu mmoja kwenye ngazi.

Kijana alimkamata kola akamtupa chali.

"Una wazimu wewe? Kaka yako yuko chini!"

"Kashuka lini?"

"Sasa hivi! Pampu imemeza kamba za marobota ya majani. Samadi ilianza kupanda, inataka kumwagikia mtaroni, mgeni mwenyewe yuko pale ofisini. Nikamwambia tumwite dogo. Akasema, 'Leo ni siku ya mdogo wangu. Mavi hayamwagiki mbele ya mgeni wake.' Akafungua, akanusa, shimo likamrusha nyuma. Akangoja kidogo, akanusa tena, akasema limepoa, halinuki. Akashuka." Kijiko alikuwa analia bila kujijua. "Hakupiga hata kelele. Aliachia ngazi tu, kama mtu aliyesinzia."

Kijana alilala kifudifudi mbali kidogo na mdomo wa shimo, akazuia pumzi, akachungulia. Mwanga wa mchana ulishuka kama shuka moja nyembamba. Kaka yake alikuwa chini, kiunoni kwenda chini amezama katika samadi, kifua na kichwa vimeangukia juu ya pampu, mkono mmoja umeshika bonge la kamba. Alikuwa ameitoa. Kazi aliyoifuata alikuwa ameimaliza.

Hakunusa kitu. Hilo ndilo lililomtoa jasho: hakunusa kitu chochote.

Watu walikuwa wamejaa. Wakamuaji, dereva wa lori la maziwa, mlinzi wa getini. Kila mmoja alitaka kushuka, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri: mimi nina nguvu, mimi nitazuia pumzi, mimi nilikula naye jana. Kijana alisimama juu ya mlango wa shimo, mguu mmoja huku na mwingine kule.

"Hashuki mtu."

"Ondoka hapo!"

"Anayeshuka anakufa. Ukimeza pumzi mbili tu umelala. Atakayekufuata naye atalala. Tutatoa maiti mpaka shamba liishe!" Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Leteni feni ya kukaushia majani! Leteni ule mti wa kulabu! Wewe dereva, wapigie zimamoto! Kimbieni!"

Wengine walikimbia. Kijiko hakukimbia. Alimtazama kwa macho ambayo kijana atayakumbuka mpaka anaingia kaburini.

"Tumbo moja," Kijiko alisema taratibu. "Mmelala tumbo moja, na unamsimamia juu kama mlinzi wa benki."

Ndipo shemeji yake akafika. Alikuwa akiosha madumu ya maziwa upande wa pili, mikono bado ina povu. Hakuuliza, maana nyuso zilikuwa zimekwisha kumwambia. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa shimo, na kijana akamkumbatia kiunoni, akamnyanyua, wakaanguka pamoja juu ya zege.

"Niache! Mume wangu yuko humo! Kama wewe mwoga niache mimi nishuke!"

"Shemeji, utakufa."

"Kwani wewe mwanaume gani? Nani aliyekusomesha? Nani aliyekuvika hiyo tai? Mshukie kaka yako!"

Alimpiga makofi, akamng'ata mkononi. Mwisho alimtemea mate usoni, mbele ya wote, na yeye hakuyafuta kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika. Kila nyama ya mwili wake ilitaka kushuka. Akili peke yake ndiyo iliyobaki juu, na akili ni kitu kibaridi kukaa nacho saa kama ile.

Feni ikaja, ikafungwa umeme, ikapuliza. Wakafikisha chini ule mti mrefu wa kushushia marobota, kulabu ikateleza kwenye bega, ikateleza tena, ikashika mkanda wa ovaroli. Wanaume wakavuta wamelala kifudifudi, nyuso zimegeuzwa pembeni, wakipokezana kama wanaoteka maji kisimani. Kijana ndiye aliyewapangia zamu. Kila aliyeanza kusikia kizunguzungu alimwondoa kwa kumburuta miguu.

Walipomlaza nje kwenye jua, uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Kijana alimkandamiza kifua, akakandamiza, akakandamiza mpaka dereva akamshika mikono na kusema, "Basi, mdogo wangu. Basi." Zimamoto walifika wakakuta watu wamekaa chini.

Mkaguzi alikuwa amesimama pembeni muda wote, mikono nyuma. Samadi haikuwa imemwagika hata tone. Kijito kilikuwa safi.

Alasiri Mama Bosi alimwita ofisini. Alikuwa amelia, macho yake yalikuwa mekundu, na halikuwa chozi la uongo. Alimjua marehemu tangu shamba lina ng'ombe wawili. Alivuta kiti, akamkalisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwanangu, pole. Jeneza ni langu, usafiri ni wangu, kila kitu ni juu yangu." Akapangusa macho. "Lakini mkaguzi lazima aandike. Na mfumo uliuandika wewe. Mfumo unasemaje? Ni marufuku kuingia. Aliingia. Hakuna aliyemtuma. Hilo si ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi, ndiyo hiyo tu. Mfumo ulikuwa mzima, mtu akaukiuka. Uzembe wa mtu mmoja. Nikikosa cheti, kiwanda kitakataa maziwa. Kiwanda kikikataa, nafunga. Nikifunga, hao wote wanaomlilia kaka yako watamlilia njaa. Utawalisha wewe?"

Mkaguzi alikuwa mlangoni. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye sauti ya kuchagua maneno kama anayechambua mchele.

"Nina swali moja, ndugu, halafu nitakuacha uomboleze. Pampu ile ikiziba, kulikuwa na njia ya kuizibua bila kuingia?"

Kijana alifungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi kuliko pumzi. Hakukuwa na njia. Pampu ilikaa chini, mnyororo wa kuipandishia ulikuwa kwenye mpango ule ule wa mabomba, na mpango ulikuwa umeahirishwa. Marufuku aliyoiandika haikuwa imemkataza mtu kuingia. Ilikuwa imepanga tu nani alaumiwe akiingia. Alilijua hilo siku alipoiandika. Alimwuliza Mama Bosi, "Na ikiziba, nani atazibua?" naye akajibiwa, "Tutaona." Yeye alinyamaza, akachovya brashi kwenye rangi nyekundu.

"Njia zipo," Mama Bosi alisema haraka. "Lakini mwache kijana, hajiwezi."

"Nitarudi baada ya mazishi," mkaguzi alisema. "Maelezo nitayachukua kwake yeye. Yeye ndiye mwenye mfumo."

Kijana alitoka, jibu lake bado mdomoni. Alipopita bandani aliwasikia wakamuaji wakinong'ona. Neno lilikuwa limemtangulia, kama kawaida ya neno baya. Msimamizi wa zamu alikuwa amekwisha kuwaambia: Fundi alijitakia mwenyewe, maandishi yalikuwepo, mekundu, hata kipofu angeyaona.

Walimzika kesho yake. Nyumbani watu walijaa, wanaume nje kwenye viti vya kukodi, wanawake ndani kwenye mikeka. Kijana alikaa nje peke yake ingawa alikuwa amezungukwa na watu. Kiti cha kulia kwake kilikuwa wazi, na cha kushoto. Kijiko ndiye aliyekuja mwisho akakaa.

"Daktari wa zimamoto kaniambia," alisema akitazama chini. "Kasema ningeshuka, tungekuwa na misiba miwili leo. Mke wangu anataka kukuletea shukrani. Mimi nimemwambia angoje." Akasugua viganja. "Bado nina hasira na wewe, Bwana Taratibu. Najua haina maana, lakini ninayo."

"Kaa nayo. Ni haki yako."

"Unaitwa ndani. Shemeji yako."

Alimkuta chumba cha nyuma, chumba alicholala yeye mwenyewe miaka ya shule, kwenye godoro la chini, kaka yake akimfukuza kwa utani kila asubuhi: amka, mzigo wa serikali. Shemeji alikuwa ameketi kwenye mkeka sakafuni, mgongo ukutani. Hakumwambia aketi. Ukuta mmoja tu uliwatenga na chumba walichokaa waombolezaji, na katikati yao mama mzazi wa kijana na marehemu.

"Nilikutemea mate," shemeji alisema.

"Yameisha hayo."

"Hayajaisha. Sikuombi msamaha. Kijiko kanieleza, nimeelewa, lakini kuelewa si kupoa." Alivuta pumzi. "Nimekuita kwa jambo lingine. Mke wa msimamizi amekuja kunipa pole. Unajua kaniambiaje? Pole, mama, ndiyo matunda ya uzembe. Kwangu! Juu ya mkeka wangu! Miaka yote mume wangu ameamka kabla ya ng'ombe. Anaumwa anaenda. Mvua anaenda. Hata pampu akiilaza alikuwa anaipangusa kama mtoto. Leo ni mzembe?"

Shemeji alimkazia macho.

"Wewe ndiye msomi wetu. Nataka uniambie kitu kimoja, na usiniambie kisomi. Ile kamba, angeweza kuitoa akiwa juu?"

"Asingeweza."

"Kwa vyovyote?"

"Kwa vyovyote. Ilikuwa lazima mtu ashuke. Leo, kesho, siku yoyote ambayo ingeziba. Ilikuwa lazima."

"Na Mama Bosi anajua?"

"Anajua."

Upande wa pili wa ukuta mtu alikohoa, mwingine akamnyamazisha mtoto.

"Na wewe ulijua?"

Hapo angeweza kusema mengi. Angeweza kusema habari za mabomba, za kiwanda, za ajira ya watu, za kibanda cha shangazi. Yote yalikuwa kweli, na yote yalimjia mdomoni yamejipanga kama askari. Akayatazama, akaona kila moja limevaa sare ya Mama Bosi.

"Nilijua," alisema. "Nilijua, nikanyamaza."

Shemeji alifumba macho. Hakupiga yowe. Mkono wake ulishika ukingo wa mkeka ukauminya, ukauminya, mpaka nyuzi zikaanza kukatika.

"Mkaguzi anarudi lini?"

"Kesho."

"Utamwambia nini? Fikiri kabla hujanijibu. Ukisema uongo nitajua, na ukishaniahidi usipotimiza, mlango huu hutaupita tena, hata siku yangu mimi ya kufa."

"Nitamwambia kweli."

"Usininong'oneze mimi. Mimi mume wangu namjua." Aligonga ukuta kwa kiganja, mara moja, na upande wa pili maongezi yakakatika. "Mama yenu yuko pale. Watu wote wa shamba wako pale, na mke wa msimamizi yuko pale. Sema wasikie."

Kijana aliusogelea ukuta. Aliweka paji la uso juu ya ukuta wa baridi, akapaza sauti, na sauti ilipotoka ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka.

"Mama! Unanisikia, mama? Kaka hakuwa mzembe! Alishuka kwa sababu hatukumwachia njia nyingine, na mimi nilijua, nikaandika marufuku badala ya kukataa. Kesho nitamwambia hivyo mkaguzi, mbele ya Mama Bosi na mbele ya wafanyakazi wote, kwa mdomo huu huu. Wakininyima kazi, wakininyima jina, wakinipeleka jela, nitasema. Nakuahidi, mama. Nakuahidi wewe, na mke wa mwanao anasikia: kesho nitasema."